Kamati Iliyokuja Kuuliza Habari

Siku askari walipofika kijijini kwetu tulidhani wamepotea, tukawaonyesha njia ya kwenda Mkange. Lori lao lilisimama mbele ya msikiti, akateremka sajini mmoja mnene, mpole, mtu wa bara, akasalimia vizuri, akasema hawakupotea, wamekuja kulinda. Wazee wakamwuliza, kulinda nini? Sajini akageuka huku na huku. Akaitazama minazi, akawatazama mbuzi wa jirani yetu ambao walikwisha kulala kwenye kivuli cha lori, akasema, "Hapa." Kisha akaomba maji ya kunywa, akapewa. Hilo "hapa" ndilo jibu tulilopata siku ile, na mpaka askari wale wanahama hatukupata jingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Mkange na mto Wami, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, mtama, muhogo, mikorosho, na redio moja ya muuza duka ambayo kila mtu aliisikia anavyotaka. Wapo waliosema Wareno watatokea baharini. Wapo waliosema askari wanafuata magendo ya korosho. Mjomba wangu mmoja, ambaye hakupenda kupitwa na jambo, alisema kwa uhakika kabisa kwamba wamekuja kuwalinda tembo. Nami kwa masikio yangu nilimsikia sajini akimwuliza muuza duka kwa sauti ya chini, "Hivi, hapa mnasikia sisi tumekuja kufanya nini?" Muuza duka akampa habari ya tembo, na sajini akaonekana kupata nafuu.

Mimi nina hasira za karibu, hilo wanangu wanalijua, lakini askari kukaa mahali bila kujua sababu si jambo la kunipandisha mori. Watu wengi hukaa hivyo maisha yao yote. Kilichonipandisha mori, na mpaka leo nikisimulia sauti inanipanda, ni kisima.

Tulikuwa na kisima kimoja. Wale askari nao walikuwa na kanuni iliyosema kambi lazima iwe na maji ndani ya uzio. Mtu mwenye akili zake angechagua mahali pa kambi, kisha akachimba maji. Wao waliona kisima chetu, wakasema hapa pana maji, basi wakakizungushia seng'enge, wakapiga mahema kandokando. Hawakuchimba kisima kambini. Walijenga kambi kisimani! Asubuhi tukaenda na ndoo zetu tukakuta mlango, na mlangoni mtu mwenye bunduki.

Mwanzoni hapakuwa na shida, maana sajini alikuwa mwungwana. Akasema kina mama wapite tu, lakini sharti waseme neno la siri, kwa sababu kambini hapiti mtu bila neno la siri. Tukamwuliza, neno lenyewe lipi? Akafikiri, akaliona tatizo. Likakatwa shauri kwamba mlinzi mwenyewe atatuambia neno la siku ile, kisha sisi tumwambie yeye. Basi ikawa kila asubuhi unafika na ndoo kichwani, mlinzi anakwambia, "Neno la leo ni kobe." Unamwambia, "Kobe." Anakwambia, "Pita." Bibi mmoja alikataa katakata siku neno lilipokuwa nguruwe. Alisema yeye hamtaji mnyama yule mbele ya maji ya kutawadhia, na mlinzi ikabidi amtafutie neno lake peke yake, akampa "embe".

Tungeishi hivyo miaka na miaka. Kilichotuharibia ni msiba.

Alifariki mzee mmoja wa kijijini. Na sajini alikuwa Mnyamwezi, yaani mtani wetu sisi watu wa pwani, na mtani msibani ana haki zake. Wanaume walikuwa makaburini, sisi wanawake tukitazama kwa mbali, kaburi limekwisha kuchimbwa, sajini akarukia ndani na sare zake na viatu vyake, akalala chali, akafumba macho, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Kama kuku hakuna, basi azikwe yeye, marehemu arudi nyumbani akapumzike. Watu wakacheka, hata wafiwa wakacheka, ndivyo inavyotakiwa. Vijana wakaanza kumtishia kwa kummwagia mchanga kidogo kidogo. Na hapo ndipo gari la mkubwa wao kutoka Dar es Salaam lilipotokea.

Mkubwa yule alikuwa mtu wa mbali, wa upande ambao hawana utani nasi. Alichokiona yeye ni kijiji kizima kimesimama na majembe, kinacheka, kinamfukia sajini wake akiwa hai. Alipiga risasi juu. Sajini akachomoka kaburini, akapiga saluti huku mchanga ukimdondoka masikioni, akaanza kueleza habari ya kuku. Nadhani huko kueleza ndiko kulikozidi kuharibu. Palepale ikatoka amri: askari na raia wamezoeana kupita kiasi, kuanzia sasa raia hakanyagi kambini. Sajini, maskini, akajaribu kututekea yeye na kutupitishia ndoo juu ya seng'enge. Naye akaletewa amri kwamba maji ya kambi hayavuki uzio bila kibali kutoka juu. Akaomba kibali. Kibali hakikuja.

Ukabaki mto.

Kwenda Wami na kurudi kulikula asubuhi nzima, na mto ule una mamba. Sisemi mamba wa hadithi. Nasema mamba ambao tuliwajua hata mahali wanapoota jua. Tulikwenda kikundi cha wasichana, mmoja anapigapiga maji kwa mti mrefu, wengine wanateka upesi upesi, halafu tunatoka mbio. Mama yangu hakuweza kwenda. Mguu wake mmoja ulikuwa na matende, mzito, hata kufika dukani alipumzika njiani. Baba alikwisha kufariki. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo maji ya nyumba yetu yalikuwa juu yangu.

Kila asubuhi mama aliketi mlangoni mpaka nirudi. Hasuki ukili, hachambui mchele, anatazama njia tu. Nikirudi ananishika mikono, anaigeuza huku na huku, anainama anatazama miguu, ananikagua kama mtu anayenunua kuku, ndipo ananiambia niingie ndani. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuposwa, nikachukia. Siku moja nilimwambia, "Mama, mimi si mzigo wa forodhani."

"Nyamaza," akanijibu. "Wewe hujazaa."

Mara nyingi alikwenda kwa mwenyekiti wetu wa kijiji kumwambia habari ya kisima, na mara zote mwenyekiti alimwambia tungoje. Alikuwa mtu wa woga yule bwana. Hata kukohoa alikohoa kwa ruhusa. Lakini siku moja alikuja yeye mwenyewe mbio nyumbani kwetu, kanzu ameishika mkononi. Kamati ya wabunge inazunguka! Wanaangalia mahali walipopelekwa askari katikati ya raia. Wanataka kujua nani aliwatuma, wanafanya nini, na kama wanawasumbua watu. Kumbe hata huko juu wapo waliokuwa hawajui! Mama alifurahi ajabu.

"Hao ndio wenyewe," alisema. "Hao kazi yao kuuliza. Wakiuliza wao, hata mwenye bunduki anajibu."

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo nyinyi vijana mnalifanya kila siku bila kulitazama. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu njema. Hata nyumba iwe inaungua nyuma yako, njema kwanza. Halafu unameza mate, unavuta pumzi, ndipo inakuja ila. "Habari za nyumbani?" "Njema… ila tumefiwa." Habari yenyewe iko kwenye ila. Lakini ila haitangulii, na aliyeuliza sharti asubiri. Mama alikuwa mkali wa mambo hayo kutushinda sote. Alizaliwa Bagamoyo mjini, kwenye nyumba za mawe zenye baraza, akaolewa na mkulima akamfuata porini, na maisha yake yote aliwaona watu wa huku kwetu kuwa wanasalimiana kama wanaokimbia mvua.

Kamati ikafika mchana, magari mawili yamejaa vumbi, waheshimiwa watatu na karani wao. Mkuu wao alikuwa mzee wa heshima zake. Akavua kofia, akasimama mbele yetu chini ya turubai tulilofunga uwanjani, akasema, "Ndugu zangu, habari za hapa?"

"Njema!" tukaitikia kijiji kizima. Karani akaandika.

"Na hawa askari, mnaishi nao vipi?"

"Vizuri, mzee!" Karani akaandika.

Tukavuta pumzi ya ila. Lakini mwenyekiti wetu akaona mgeni amesimama muda mrefu, haifai, akasema tule kwanza. Na mgeni hapewi shida zako kabla hajala. Wakala. Pilau lilikuwa zuri, wakaongezewa. Tena mgeni akisha kula, kumwangukia na malalamiko papo hapo inakuwa kama ulimlisha ili umdai, ni aibu vilevile. Basi ikapita dua, ikapita kahawa, zikapita habari za safari, za barabara, za watoto wa waheshimiwa, na kila mmoja wetu alikuwa na kisima mdomoni anakitafutia nafasi. Dereva akaanza kupiga honi, akisema wakichelewa kivuko leo hawavuki. Mheshimiwa akasimama.

"Kuna mwenye neno?"

Mwenyekiti, kwa adabu iliyomkaba koo, akajibu kwa niaba yetu, "Hatuna neno, mzee, zaidi ya shukrani."

Karani akatusomea alichoandika. Wananchi wanasema hali ni njema, wanaishi na askari vizuri, na hawana neno zaidi ya shukrani. Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi! Msinicheke. Mtu akikusomea kwa sauti nzuri vile, utafanya nini?

Mama alikuwa bado anainuka. Mguu ule ulimchelewesha, na mimi nilipofika kumshika mkono gari la kwanza lilikwisha kuondoka. Akasimama pale uwanjani, amejifunga kanga yake mpya, anatazama vumbi. "Ila kisima," alisema, na hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa mimi na mbuzi.

Hatukujua kwamba huko walikokwenda maneno yetu yalisomwa na kupendeza. Ilionekana pamepatikana mahali ambapo raia na askari wanapendana kweli kweli. Haukupita muda likaja lori la pili, limejaa askari. Sajini mwenyewe aliduwaa. Alikuja hadi kwetu, akasimama nje ya mlango, akamwambia mama kwa huzuni, "Mama, imesemwa huko kwamba mnatupenda."

"Nani kasema?"

"Nyinyi."

Uzio ukapanuliwa ili uwatoshe wageni. Safari hii ulipita katikati ya duka. Sichezi, wallahi. Meza ya muuza duka ilibaki upande wa raia na makabati yake yakabaki kambini. Ukitaka sukari, muuza duka alimwita mlinzi, mlinzi alimwita sajini, na sajini alitoa ruhusa muuza duka aunyooshe mkono wake na kuchukua sukari yake mwenyewe, lakini miguu isivuke. Mtu akitaka kitu cha kabati la juu, tulimshika muuza duka kiunoni asije akaangukia kambini. Kijiji kizima kilikwenda kutazama. Hata askari walicheka, mpaka wakatuomba radhi kwa kucheka.

Nami nilicheka sana wakati ule. Nilicheka mpaka asubuhi ile mtoni.

Mwenzangu alikuwa anapiga maji kwa mti kama kawaida, mimi nimeinama nateka. Sikuona kitu. Niliona ndoo imeondoka mkononi mwangu, nikadhani maji yameivuta, nikaifuata hatua moja. Kisha kanga niliyojifunga ikakaza, nikavutwa nikaanguka kwa magoti, na mwenzangu akanishika nywele kwa mikono yote miwili akarudi nyuma nazo. Kanga ikafunguka, ikaenda. Nilirudi nyumbani nimejifunga ushungi wa mwenzangu, sina ndoo, naumwa kichwa chote, nacheka. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka. Nilimwambia mama, "Sasa yuko mamba mmoja amevaa kanga yako ya Iddi!"

Mama hakucheka. Hakunikagua mikono wala miguu. Alikaa chini palepale mlangoni, kwenye udongo, akakaa hivyo mpaka adhuhuri, na nilipomletea chai hakuipokea. Kesho yake nilikwenda tena mtoni na ndoo ya kuazima, maana maji hayangoji. Tangu siku ile mama hakulala usingizi wa kweli, nilikuwa namsikia anavyogeuka.

Ndipo mwenyekiti akaja na habari kwamba kamati inarudi. Lile swali lao la kwanza, nani aliwatuma askari, lilikuwa halijapata jibu, na sasa askari wenyewe wameongezeka. Mama akasimama. Akasema hatutarudia upumbavu. Safari hii mheshimiwa akiuliza habari za hapa, hakuna kusema njema. Kijiji kizima kitajibu mbaya.

Jamani, mnafikiri ni rahisi? Jaribuni. Alituita wanawake wote uani kwetu kutufundisha. Akasimama yeye mbele kama mheshimiwa, akauliza, "Habari za hapa?" Tukasema, "Nj…" tukajiziba midomo. Akauliza tena. Jirani yetu akajitahidi akasema, "Mbaya, alhamdulillahi, tunashukuru." Mwingine alisema mbaya kisha akaanza kuomba samahani. Wanaume wakapeleka suala kwa mwalimu wa madrasa, kama kujibu mbaya si kukufuru neema ya Mungu. Mwalimu akafikiri siku nzima, akatoa ruhusa ya kusema "si njema sana".

Mama hakutaka "si njema sana". Alifanya mazoezi njiani, kwa kila apitaye. Mlinzi wa kambi alimwambia, "Habari za asubuhi, mama?" naye akamkaripia, "Mbaya!" Kijana wa watu akakimbia kumwita mganga wa kambi, akaja na vidonge vya kwinini. Watu wakaanza kupita nyuma ya nyumba yetu ili wasimsalimie. Nilimwonea huruma, maana niliona jinsi neno lile lilivyomuumiza kila alipolitoa, yeye aliyelelewa vile. Alilisema usiku kwa usiku, kitandani, peke yake.

Siku ikafika. Turubai likafungwa, kijiji kikajaa, mbaya zetu tumezishika. Safari hii mkuu wa kamati alikuwa mwingine, kijana mwenye miwani na suti ya mikono mifupi. Nadhani alikuwa ameambiwa kwamba wenzake walipoteza siku nzima kwa salamu na pilau. Akateremka garini, mlango hajaufunga bado, akasema kwa sauti kubwa, "Haya, ndugu wananchi. Malalamiko!"

Hakusema habari. Hakusema salaam aleikum. Hakusema hata hodi. Kijiji kizima kilikuwa na jibu, na swali halikuulizwa. Wazee wakatazama chini. Mwalimu wa madrasa akajifanya anahesabu tasbihi. Mheshimiwa akarudia, "Malalamiko, ndugu zangu, msiogope. Semeni!" Hakuna aliyefungua mdomo. Utamwambiaje shida zako mtu ambaye hajakuuliza hata umeamkaje?

"Huyu kalelewa na nani?" mama alininong'oneza kwa hasira.

Mheshimiwa akatazama saa yake. Akamgeukia karani. "Basi, andika wananchi hawana malalamiko."

Mama akainuka. Safari hii hakuningoja. Akapita katikati ya watu, anauvuta ule mguu, na kila hatua watu wanasogeza miguu yao kumpisha. Akafika mbele ya mheshimiwa akasimama, akamtazama usoni, akangoja. Mheshimiwa naye akangoja. Alingoja malalamiko, mama alingoja shikamoo. Nikaona wataendelea vile mpaka jua lizame. Sajini, aliyesimama nyuma na askari wake, akashindwa kuvumilia, akasema pembeni ya mdomo, "Mheshimiwa, mwamkie."

"Shikamoo, mama," mheshimiwa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za safari?"

"Njema."

"Habari za nyumbani? Mkeo? Watoto?"

"Njema, mama, wote wazima."

"Na mama yako mzazi, hajambo?"

"Njema," mheshimiwa akasema. Nikamwona anameza mate. Mama hakusogea, hakusaidia, alingoja tu, ameushika mkono wa kijana yule. "Njema, ila… ila anaumwa. Yuko kijijini, hali si nzuri. Sijapata kwenda kumwona, kazi hizi hazinipi nafasi." Alionekana kushangaa mwenyewe kwamba amelisema hilo mbele ya watu wote na bunduki zote zile.

"Pole, mwanangu," mama akasema, na kijiji kizima kikaitikia, "Pole!" Hata askari walisema pole. "Mungu atampa nafuu. Nenda kamwone."

"Nitakwenda." Akavua miwani, akaifuta. Kisha akauliza, taratibu, kama watu wanavyouliza, "Na wewe, mama? Habari zako?"

Nilimwona mama anakusanya midomo. Wanawake wote nyuma yangu waliikusanya midomo yao pamoja naye. Majuma yale yote, kwinini ile yote, ilikuwa kwa ajili ya neno hili.

"Njema," mama akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akafunika uso. Lakini mheshimiwa hakuondoa mkono wake, wala hakumtazama karani. Akangoja.

"Ila nina mtoto mmoja," mama akasema. "Ni yule pale. Na kila asubuhi mimi mwenyewe nampa ndoo nampeleka kwa mamba, kwa sababu kisima chetu kinalindwa."

Mheshimiwa akamgeukia sajini, akamwuliza nani aliwaleta. Sajini hakujua. Akamwuliza wanalinda nini. Sajini akafungua mdomo, akautazama uzio, akaitazama minazi, akasema, "Hapa, mheshimiwa." Kwa mara ya kwanza niliona anaona haya.

"Mama," mheshimiwa akasema, "nikwambie kweli. Mimi siwezi kumwamuru askari hata ahamishe kijiko. Kazi yangu ni kuuliza tu."

"Basi uliza."

Akauliza. Akamwuliza sajini kama uzio ule unaweza kupita upande wa pili wa kisima. Sajini akajibu kwamba kanuni inataka maji ndani ya uzio. Mheshimiwa akamwuliza, kanuni imesema kisima, au imesema maji? Sajini akafikiri sana. Akasema imesema maji. Mheshimiwa akamwuliza kama pipa likijazwa maji na kuwekwa kambini, hayo si maji? Sajini akawatazama askari wake, nao wakamtazama yeye. "Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo," akasema.

Nguzo ziling'olewa mchana uleule, askari na raia pamoja, bila kibali cha mtu, na karani wa kamati alikuwa amekunja mikono ya shati anavuta seng'enge. Makabati ya duka hayakurudi upande wetu hadi mwaka uliofuata, lakini hiyo ni habari ya muuza duka, aisimulie mwenyewe.

Asubuhi yake niliamka nikakuta ndoo haipo mahali pake, na mama hayupo mlangoni. Nikatoka mbio. Nikamkuta kisimani, amefika kwa mguu ule ule, ameketi kando ya ndoo aliyoijaza na asiyoweza kuiinua. Alikuwa analia kwa sauti, mama yangu ambaye hata baba alipozikwa alilia ndani ya kanga. Nikadhani ameanguka. Nikamshika miguu nikaanza kuikagua.

"Sijaumia," alisema. "Ile sanda niliyojiwekea mimi kwenye kasha… nilikwisha kuikata kwa urefu wako."

Nikaketi chini karibu naye, na wanawake waliokuja kuteka wakatuzunguka wakateka maji yao, wala hakuna aliyetuuliza habari.